Kipande cha Mpira Nilichokianika Juu ya Bati

Nimekosa, na anayelijua kosa langu ni mimi peke yangu. Mke wangu hajui mpaka leo.

Shule niliishia darasa la nne, lakini miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ungefika Mazwi ukauliza spea za baiskeli, ungeletwa kwangu. Nilianza kwa kuziba pancha chini ya mti, nikaishia na duka lililojengwa kwa tofali za kuchoma. Mpira wowote nikiuminya tu, nakwambia utadumu miezi mingapi!

Binti yetu Oliva alipofika miezi mitano, kichwa kikaanza kukua kupita mwili. Daktari akasema maji yamejaa kichwani, twende Dar akawekewe mpira mwembamba chini ya ngozi, uyashushe tumboni. Akanipa kipande nikione. Cheupe, laini. Akasema ni silikoni, mwilini haiozi, na tusikawie.

Nikacheka. Mpira usiooza! Nikakianika juu ya bati la duka, pembeni nikaweka kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikamwambia mke wangu kikimaliza kiangazi kizima, tunakwenda.

"Baba Oliva, mtoto si baiskeli," alisema.

Nikamjibu mambo ya mpira aniachie mimi.

Jamani! Kabla ya mvua, tyubu ilikuwa imepasuka-pasuka. Nikapanda, nikakipinda kile cha daktari. Kilikuwa vile vile kama siku niliyopewa.

Mke wangu alikuwa chini, mtoto mgongoni. "Vipi?" akauliza.

Dukani walikuwepo watu, wale wale niliowatambia kwamba kitapasuka. Nikasema, "Kimeanza kukauka."

Akageuka na mtoto, akarudi nyumbani. Macho ya Oliva yakawa yanatazama chini tu, hayapandi. Kisha hayakuona. Mvua zilipokatika tulikuwa tumeshamzika kijijini Mollo, kwa wazee wangu.

Bati la duka nimelibadilisha mara mbili. Kipande kile ninacho, kimo ndani ya kopo la mipira ya valvu. Kila mteja akiomba mpira wa valvu, vidole vyangu vinakigusa. Bado laini!

Ndugu yangu unayejivunia kazi ya mikono yako, ukigundua umekosea, sema hapo hapo ungali juu ya bati, watu wanakuangalia. Waache wacheke. Mwenzangu alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Alikuwa anangoja neno langu tu, tuondoke.