Mstari kwenye DNA ya panya wa Old Town uliotaka kunikosesha kazi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya ni yangu mwenyewe, sijatia chumvi, na mpaka leo nikiyakumbuka nacheka peke yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi Mtaita, nimepanga chumba Kibokoni, Old Town, kwa mama mmoja mjane, Bi Zuhura. Kazi yangu ilikuwa kwenye maabara ndogo pale kisiwani.

Tulikuwa tunanasa panya wadogo wa nyumbani, wa bandarini na wa mjini, tunatoa DNA yao tujue kama ni ukoo mmoja.

Kwa wasiojua: DNA unaikata kwa kimeng'enya, protini inayofanya kazi kama mkasi, kisha unaipitisha kwenye gel, kitu laini kama jeli, kwa umeme. Vipande vidogo vinakimbia mbele, vikubwa vinabaki nyuma. Ukimulika kwa taa yake unaona ukungu mrefu tu, kwa sababu vipande ni vya kila ukubwa.

Gel yangu ya kwanza ikatoa ukungu, sawa. Lakini katikati kuna mstari unawaka! Panya wote, mahali palepale.

Bosi wangu, Daktari Mutiso, maisha yake yote alisomea bakteria. Akaangalia mara moja tu.

"Umechanganya sampuli. Huu ni uchafu."

Nikaosha kila kitu, nikarudia. Mstari uleule.

"Mstari huu ukitoka tena," akasema, "kipindi chako cha majaribio kimeishia hapo."

Wakuu, nililia. Sioni haya kusema. Kazi nilikuwa naipenda mno, na nilijua mikono yangu ni misafi.

Nikaamua kuanza upya, na panya wapya kabisa. Nikamwomba Bi Zuhura anisaidie kuwapata.

"Mwanangu, wataka panya wa nini? Sisi twawafukuza, wewe wawatafuta!"

Lakini mama yule alipita nyumba kwa nyumba. Kesho yake majirani wananiletea mitego yenye panya ndani, na mmoja ananiuliza kama nawataka wa pilau au wa biriani. Wengine nikawanasa mwenyewe Makupa, kwenye maduka ya nafaka.

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nimenunua samaki aina ya changu, wa kitoweo. Nikiwa namparua magamba, wazo likanijia: kama uchafu uko kwenye maji yangu au vyombo vyangu, basi na samaki naye atatoa mstari huo!

Nikakata kipande cha changu, nikamfanyia vilevile kama panya. Maji yale yale, kimeng'enya kile kile, siku ile ile.

Nikamwita Daktari kabla sijawasha taa.

Panya wa Kibokoni: mstari. Panya wa Makupa: mstari. Changu: ukungu mtupu, mstari hakuna!

Nilipiga kelele wakuu, hadi mlinzi akaja mbio.

Daktari akaenda kwenye vitabu vyake, akakaa humo mpaka adhuhuri. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

Kumbe ndani ya DNA ya panya kuna vipande vinavyojinakili na kwenda kujipachika kwingine, kizazi baada ya kizazi, mpaka vimejaa maelfu. Kwa kuwa vinafanana, ukivikata vingi vinatoka na urefu mmoja, vinarundikana pamoja, ndio ule mstari. Wataalamu walishaandika zamani, kwa hiyo msinipe tuzo. Lakini mimi niliuona kwa macho yangu bila kuambiwa na mtu!

Daktari akawaita wenzangu wote, akaiweka gel mbele yao.

"Mwenzenu nilimwonea," akasema. "Huu si uchafu. Huyu ndiye panya mwenyewe."

Nikabaki kazini.

Nilichojifunza: ukisingiziwa, kuapa hakusaidii sana. Tafuta jaribio ambalo lingekuumbua kama kweli una kosa, kisha lifanye mbele ya anayekulaumu.

Haya wakuu, nani mwingine alishawahi kulaumiwa akiwa sahihi? Tiririkeni hapa chini, nasoma zote.