Mlango Uliosema Karibu

Kama unataka kisa cha usiku wa giza na bundi, tafuta mtu mwingine. Hiki changu kilinipata mchana, Jumamosi, saa tisa na dakika kumi, jua la Dodoma linawaka na mimi nina akili zangu zote. Sikuwa nimelala, sikuwa na homa. Wallahi sina sababu ya kukudanganya, maana kisa chenyewe kinanichafua mimi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Naishi Ipagala, na ofisi yetu iko Mkonze, kwenye nyumba ya kupanga ambayo sebule yake tumeigeuza chumba cha kazi. Tulipewa kazi moja ambayo niliipenda kwa moyo wote. Mama mjamzito wa kijijini akishikwa na uchungu, anaandika neno GARI kwenye simu yake, hata iwe kitochi, kile kisimu cha vitufe, anatuma. Ujumbe unafika kwenye seva yetu, yaani kompyuta kuu, nayo inamwambia dereva wa kituo cha afya kule upande wa Kibaigwa, gari linakwenda kumchukua. Kazi nzima ni hiyo. Humo ndimo mtu anaishi au anakufa.

Sehemu yangu mimi ilikuwa mlango. Ngoja nikueleze polepole, usikimbie. Seva ina mahali pa kupokelea maombi, na mahali hapo tunapaandika wenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, kila mlango na kazi yake. Nyuma ya mlango unapanga mabawabu, yaani vipande vifupi vya programu vinavyosimama foleni. Wa kwanza anaangalia namba ya simu. Wa pili anaangalia kama kijiji kimo kwenye orodha. Wa tatu anamkabidhi dereva ombi, na wa mwisho anamjibu mama. Ombi moja lina jibu moja tu. Likishatoka limetoka, hulirudishi wala huongezi la pili. Hilo lishike, ndilo lililoniua.

Mwanzoni bawabu wa kujibu alikaa mwisho, kama inavyotakiwa. Kijiji kikikosekana kwenye orodha, yule wa pili alimwambia mama ukweli palepale: kijiji chako hatukijui, mpigie dereva kwa namba hii. Lakini bosi wangu, mwanaume wa mashati yaliyonyooka na haraka zisizoisha, akasema jibu linachelewa. Wafadhili walikuwa wanakuja kutazama, na hakutaka wasimame na simu mkononi wanasubiri. Nikambishia. Kidogo tu, maana nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda nyumbani. Kisha nikamchukua bawabu wa kujibu nikamhamishia mbele ya wenzake wote, kazi ya dakika mbili. Tangu hapo kila aliyetuma alijibiwa papo hapo: "Karibu. Ombi lako limepokelewa. Gari linakuja." Wageni walifika, wakajaribu, wakapiga makofi, wakala pilau wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa ofisini peke yangu, nimevaa ushungi wangu wa kijani. Mlango wa grili niliufunga kwa kufuli, maana mtaa ule mwisho wa wiki hauna mtu. Muda mfupi nyuma nilikuwa nimemwaga maji pale mbele kutuliza vumbi, upepo wetu unaujua. Nikawa nasafishasafisha programu yangu, mara kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mstari mwekundu. Ulilalamika kwamba jibu limeshatumwa, haliwezi kutumwa tena. Nikasonya. Nilijiambia ni mabawabu wanapigana vikumbo, hakuna la maana. Na wakati uleule nikasikia mlangoni, hodi.

Nikasema karibu. Sikuinua kichwa. Wewe hujawahi kufanya hivyo? Mtu anabisha, mdomo unajibu wenyewe, macho yako kwenye shughuli zako.

Ukaja mstari wa pili, ikaja hodi ya pili. Nikasema karibu, ingia. Ukaja mstari wa tatu, na hodi ya tatu ilitoka kwa mtu aliyeishiwa pumzi. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naandika amri ya kuinyamazisha ile mistari isinitokee tena. Nikabonyeza kwanza, ndipo nikajibu kwa ukali, kwani mlango huuoni?

"Dada," akasema, "unanikaribisha, na mlango umeufunga."

Ndipo nikatazama. Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mimba kubwa, kajifunga khanga mbili zilizopauka. Mkono mmoja ameshika nondo ya grili, mwingine ameshika kitochi kilichofungwa mpira. Mguu mmoja una ndala ya bluu, wa pili hauna kitu. Hakuwa na hasira hata kidogo, na ndicho kinachoniuma mpaka leo. Alinitazama kama mtu anayesubiri zamu yake na anaamini itafika.

Nikashtuka, nikamwambia pole mdogo wangu, ngoja ufunguo. Mkoba ulikuwa chumba cha ndani. Hatua sita kwenda, sita kurudi, sizidishi. Niliporudi hakuna mtu. Nikafungua, nikatoka, nikatazama barabara juu na chini. Mbwa tu amelala kivulini. Pale mbele palikuwa na tope bichi la maji niliyomwaga, na kwenye tope lile kulikuwa na nyayo za viatu vyangu peke yake. Halafu nikafunga, nikaondoka, sikumwambia mtu.

Jumatatu muuguzi wa kituo cha afya akampigia bosi. Kuna msichana amefariki Jumamosi jioni juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kabla hawajafika barabara ya lami, yeye na mtoto wake tumboni. Familia inasema waliomba gari wakaambiwa linakuja. Dereva anaapa hakupata taarifa. Mchana mzima alikuwa kituoni na gari lake, ameliosha mara mbili. Nikaenda kwenye seva nikafukua kumbukumbu. Maombi matatu, namba moja, yote saa tisa na dakika kumi. Kijiji chao kiligawanywa kutoka kijiji kikubwa, na orodha yangu ilikuwa ya zamani. Bawabu wa pili aliwakataa mara tatu, akataka kuwaambia wampigie dereva, akashindwa kwa sababu jibu lilishatoka. Ile mistari myekundu ilikuwa ndiyo hiyo. Alikuwa ananipigia mimi kelele, nikamziba mdomo.

Bosi akasema twende kutoa pole. Kisha akasema niende mimi, kwa kuwa mimi ni mwanamke.

Nikapanda basi hadi Kibaigwa, nikapita katikati ya malori ya mahindi yaliyojaa pale sokoni, nikatafuta bodaboda ya kuniingiza ndani. Unajua nilihesabu nini njiani? Malori. Lolote kati ya yale lingeweza kumbeba.

Mama wa marehemu alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanyoa nywele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipisha nikae karibu yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno, alikuwa anayatoa moja moja. Mlangoni kulikuwa na ndala moja ya bluu. Aliona ninaitazama, akaniambia ya pili hawajaiona tangu siku ile, wameitafuta mpaka njia ya kisimani.

Akanieleza bila kuulizwa. Uchungu ulianza mchana. Mjomba wa binti alitaka kukimbia Kibaigwa kutafuta lori, mama mwenyewe ndiye aliyemzuia. Alimwambia kaa, wametujibu, gari linakuja. Wakakaa saa mbili nzima. Mwanzoni kabisa binti alituma mfululizo, anatuma, anajibiwa karibu, anatuma, anajibiwa karibu. Alipotuma ya tatu akafumba macho.

"Akaniambia, mama, nimefika kwao," alisema. "Akasema kuna dada ana ushungi wa kijani. Anasema karibu, lakini hafungui."

Siku hiyo ya msiba nilivaa mweusi. Alinitazama kichwani, akanitazama usoni, kwa muda mrefu. Sijui alijua au hakujua. Akaniuliza taratibu, "Ilikuwaje, mwanangu?"

Hapa ndipo ungetegemea nikwambie nililia nikaungama. Nilisema mtandao ulisumbua. Ndiyo, mimi, kwa mdomo huu. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema haya, asante kwa kuja. Akawaambia watu waniletee ugali.

Kabla sijaondoka alinionyesha ile simu. Ilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, betri imetolewa na kuwekwa pembeni. Nimeishika mwenyewe. Kumbuka hilo.

Nilirekebisha kila kitu wiki ileile. Bawabu wa kujibu nikamrudisha mwisho, kijiji nikakiingiza kwenye orodha, mistari myekundu nikairuhusu ipige kelele inavyotaka. Na Jumamosi, saa tisa na dakika kumi, yakaingia maombi matatu kutoka namba ileile. Safari hii mlango ulikuwa sawa, dereva akapata taarifa, akaenda. Alikuta kaburi na mama anapepeta. Jumamosi iliyofuata, hivyohivyo. Sasa ni mwaka wa pili, na haijakosa hata moja. Muuguzi ameuliza kwenye kampuni ya simu, wakasema laini ile ilishafungwa.

Bosi ameandika kwenye ripoti yake kwamba hakuna ombi lililowahi kukosa jibu. Ni kweli, hakusema uongo, na wamemwongezea mradi. Kinachomkera ni mafuta ya gari. Anataka niandike bawabu wa kumzuia yule msichana, mstari mmoja tu, namba hii isipite. Ananiuliza kila wiki umeandika? Namwambia bado. Siku atakayomtafuta mtu mwingine wa kuuandika, nitakabidhi funguo za ofisi na kwenda kuuza maandazi.

Nyumbani Ipagala majirani wanasema nina majivuno. Mtu akipiga hodi siitikii. Nanyamaza, nainuka, nafungua mlango wote, ndipo nasema karibu. Mume wangu amezoea, wanangu wananicheka. Jumamosi mchana hawanioni. Nipo Mkonze, grili iko wazi, nimekaa kizingitini na ufunguo mkononi. Mlangoni haji mtu. Yanakuja yale maombi matatu, nayasoma yote hadi mwisho, namba, kijiji, neno GARI.

Basi wewe unayeandika mlango wowote ambao watu watabisha, nisikilize mimi niliyechelewa. Usimwambie mtu karibu ukiwa umekaa. Mwambie hapana, mwambie sikujui, atakwenda kutafuta lori.