Mkono wa Mzee Gonga

Huyu mchekeshaji wetu mnamwona kwenye televisheni meno yote nje, lakini niwaambieni ukweli: hana raha. Aibu haimwachi. Na wala hakusingiziwa na mtu, kajitafutia mwenyewe kwa mikono yake miwili.

Baba yake ni fundi cherehani, na ana kigugumizi. Si kile cha kukwama neno moja kwa siku, la. Mzee akitaka kusema "nakuja", mteja aweza kuikunja suruali yake, akaikunjua, akaikunja tena. Sasa mzee alikuwa na dawa yake. Neno likigoma, anagonga meza mara tatu kwa kidole cha kati, kile alichokivisha tondoo, kikofia cha chuma cha kuzuia sindano. Ko, ko, ko! Neno linatoka. Alianzia kazini, mwisho ikawa popote pale, tondoo iwepo isiwepo: ukutani, kwenye kiti, gotini mwake mwenyewe.

Mwanawe alipoanza kazi ya kuchekesha, hakuna aliyecheka. Miaka minne anapanda jukwaani kwenye kumbi za hoteli, anasimulia habari za wakwe na mabosi, watu wanaangalia simu zao. Mshereheshaji mmoja akamwambia bila kupepesa macho, "Kaka, wewe ungeuza viatu tu." Basi siku moja maneno yakamwishia kabisa, kijasho chembamba kinamtoka, akagonga kipaza sauti mara tatu: "Na-na-na-nakuja!" Ukumbi ukalipuka. Watu mbavu hawana.

Ndivyo alivyozaliwa Mzee Gonga. Koti kuukuu, tepu ya kupimia shingoni (ndiyo, hata tepu aliichukua, hakumwachia baba wa watu kitu!) na ule mkono. Televisheni wakampa kipindi kila Jumamosi, watazamaji wakawa wanagonga viti pamoja naye. Jina likakua, gari likaja, hata mama mkwe akaanza kumwita mwanangu.

Baba hakujua. Hakuwa na televisheni, na mwanawe alihakikisha hapati. "Hizo zinaharibu macho, baba, na kazi yako wewe ni macho." Mwongo mkubwa! Mzee alichojua ni kwamba kijana "anafanya kazi televisheni", na alijivuna nalo. Majirani walijua, lakini nani amwambie mzee wa watu jambo kama hilo usoni?

Dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye hakumpa pumzi.

"Kaka, mwambie mwenyewe. Akija kusikia kwa watu, utamuua baba."

"Nitamwambia, dada. Wiki hii hii."

Wiki hii hii ikaenda miaka sita.

Ikafika siku mzee hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Mwanawe akampeleka kliniki ya macho. Akavaa kofia mpaka kwenye nyusi, akajibanza benchi la mwisho, mzee akaenda dirishani peke yake.

"Jina lako, mzee wangu?" akauliza karani wa mapokezi.

Mzee akafungua mdomo. Jina likagoma. Akagonga kioo cha dirisha: ko, ko, ko.

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Aisee, mzee anamwiga Mzee Gonga!" akasema mama mmoja aliyefungwa bandeji jichoni. "Ila hampati. Mwenyewe hugonga haraka zaidi." Karani naye akatoa simu. "Rudia basi, mzee, nirekodi."

Mzee akatabasamu bila kuelewa, akageuka kumtafuta mwanawe. Hapo ndipo mwanamume alipotakiwa kuinuka. Ainuke tu aseme, "Huyu ni baba yangu, mwacheni." Maneno matano! Badala yake akainama kufunga kamba za viatu. Na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Lakini uso wa televisheni haufichiki. "Jamani, si mwenyewe huyu hapa!" Wakamvua kofia, wakamsimamisha. "Tugongee! Tugongee!" Na mkono ukainuka. Nasema mkono, maana yeye anaapa hakuutuma. Ukagonga ukuta mara tatu, mdomo ukafuata: "Na-na-na-nakuja!" Kichwa kikalala bega la kushoto vilevile anavyokilaza baba yake, kope zikafumba vilevile.

Wakapiga makofi. Mzee hakupiga. Sindano alikuwa haioni, lakini hilo aliliona lote.

Ndani ya gari mchekeshaji hakunyamaza. "Nisamehe, baba. Nilitaka kukwambia. Ilikuwa utani tu, baba, watu wanampenda yule mzee, wanampenda kweli kweli." Aliongea njia nzima, na ulimi wake haukukwama hata mara moja. Akasikia mwenyewe jinsi usivyokwama, akaona haya zaidi. Walipofika kwa mzee akazima gari, akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake.

Mzee akamgeukia. Akafungua mdomo.

"Na-na-na..."

Neno likagoma. Mkono wa kulia ukainuka kuelekea dashibodi, kidole cha kati kimetangulia. Mzee akauona. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine, akaurudisha mapajani, akaubana kwa ule wa kushoto. Akajaribu tena hivyo hivyo, bila kugonga. "Na-na..." Mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamlenga. Halikutoka. Akafungua mlango, akashuka, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo mzee hajagonga kitu, na asipogonga hasemi. Vipimo vya wateja anaandika kwa chaki juu ya kitambaa. Mchekeshaji alimwacha Mzee Gonga wiki ile ile, bosi akafoka weee akachoka, lakini vipindi vya zamani bado vinarudiwa kila Jumamosi na watu bado wanagonga viti. Siku hizi anakwenda kwa baba yake kila Jumapili. Anasema shikamoo, mzee anaitikia kwa kichwa, anaendelea kukanyaga cherehani.

Mara moja alijikaza akauliza, "Baba, siku ile garini ulitaka kuniambia nini?" Mzee alikata uzi kwa meno, akageuza nguo upande wa pili.

Sasa neno hilo ndilo linalomnyima usingizi. Nakusamehe. Nakulaani. Naumwa. Naona aibu kukuzaa. Nashuka hapa. Yote yanaanza hivyo hivyo. Ameyajaribu moja moja, mtu aliyelishwa na kuvishwa na sauti ile, na kila moja analisikia wazi kwa sauti ya baba yake, isipokuwa lile la kwanza.