Nyuzi za Jua na Macho ya Mama

Kaka Masanja alinipigia simu nikiwa Dar es Salaam, nimekodolea picha za jua kwenye kompyuta. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba mama macho yote mawili, na hospitali hataki kuisikia. "Njoo wewe," alisema. "Sisi mama hatusikilizi." Nilifunga begi kwa hofu kwamba hataniona tena.

Bariadi nilifika asubuhi, nikaunganisha gari la Mwanhuzi, kisha bodaboda hadi Bukundi. Pamba ilikuwa imepasuka pande zote za njia.

Saa kumi alasiri nilimkuta uani akichambua pamba kwa kupapasa.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwadila. Sogea." Akanipapasa kope. "Yanauma?"

"Hayaumi, mama."

"Usinifiche. Mtu atazame jua kutwa, macho yabaki? Nitibiwe mimi mzee, wewe uungue? Tangulia wewe kupimwa."

Nilijilaumu. Miaka yote nilimwambia nachunguza jua, nikaishia hapo, na yeye akabaki na hofu yake.

Jioni nilichukua ungo, nikavuta pamba ikawa nyuzi juu na chini yake. "Hili ndilo jua. Chombo hulifunika katikati, kama unavyokinga mkono ukitafuta ng'ombe jua likikupiga usoni. Ndipo nyuzi hizi za gesi ya moto zinaonekana, kwenye ncha zake mbili. Tunatafuta zinaanzia wapi. Jua lenyewe silitazami, naona picha tu."

Akazipitishia vidole taratibu. "Nyembamba hivi?"

"Kwa mbali. Moja ni nene kuliko dunia yote."

Akacheka. "Bado utapimwa kwanza."

Kesho yake, kliniki ya macho Bariadi, nilipimwa kwanza. Nesi aliniziba jicho moja, kisha la pili, nami nikasoma herufi kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Amezimaliza?" mama aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Zote, mama," nesi akajibu.

Akasimama, akaweka kitenge sawa. "Haya. Na mimi."

Siku ya kufunguliwa bandeji ya jicho la kwanza baada ya upasuaji, nilimshikia picha ya jua tayari. Hakuitazama. Alinishika mashavu, akanigeuzia dirishani, akakagua jicho la kulia, akakagua la kushoto. Machozi yalinitoka.

"Kweli," alisema. "Hayajaungua."

Ndipo akanyoosha mkono. "Lete hizo nyuzi."

Nimerudi Dar bila picha ile. Nimejifunza kuieleza kazi yangu kwanza kwa anayeniogopea, na kila Jumapili mama hupiga simu kuuliza kama tumeshajua nyuzi zinapoanzia.