Mpesheni wa Ofisi ya Karatasi

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja pale Mwanga, Kigoma, inayoshughulikia karatasi za wakimbizi wanaovuka kutoka Burundi. Nje jua lilichoma vibaya. Ndani, chini ya mabati, palikuwa na ubaridi wa kukusahaulisha shida iliyokuleta. Afisa aliukamata mkono wangu akaubandika ukutani.

"Baridi, sivyo? Kwa nje mpesheni umetambaa mpaka kwenye paa. Feni siiwashi siku hizi! Hata ndege wamejenga viota humo."

"Nani aliupanda?"

"Umejiotea tu."

Mama mmoja mkimbizi, aliyesimama dirishani, akakohoa. "Hapana, mkubwa. Mbegu niliitema mimi, siku ya kwanza nilipokuja kuuliza karatasi zangu."

Nilishtuka, nikautoa mkono ukutani kama niliyeungua. Afisa wala hakushtuka. Alitoka nje, akachuma pesheni moja iliyoiva, akampa yule mama kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

"Pole, Mama. Rudi wiki ijayo."

Ndugu msomaji, wakija wataalamu kukuuliza namna ya kupoza majengo ya mji huu, wajibu kwamba Kigoma tunajua tangu zamani: mngojeshe mtu, ukuta utaota majani wenyewe.

Mama alipokea, akainama kushukuru, akaipasua na kuila palepale. Kisha akazunguka hadi upande wa pili wa ofisi, kwenye ukuta ambao bado unapigwa jua, akatema mbegu.