Nilificha Programu Isipigwe Jicho, Ngamia wa Shangazi Akachinjwa

Kosa ni langu. Nimejaribu kumsukumia mtu mwingine, lakini wallahi limerudi mlangoni kwangu.

Mimi si mtu mdogo hapa Garissa. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, lakini malori yanayobeba mifugo kutoka Modogashe hadi Nairobi, mengi ni yangu. Kompyuta ya kwanza mtaani kwetu niliileta mimi! Watu walikuja kuitazama kama bibi harusi.

Nikamwajiri Salome, fundi wa programu kutoka Nairobi. Nilitaka mashine ijue kila mnyama aliye zizini kwangu ni wa nani, na kama ni wa kuuzwa, wa kuchinjwa au wa kutibiwa tu. Kila alipokuja alileta disketi yenye kipande kipya cha programu.

"Mzee, ita makarani wakijaribu hiki kabla sijajenga kingine juu yake."

"Binti, ngamia mwenye mimba haonyeshwi watu. Jicho litampiga. Maliza kwanza."

"Lakini hii si ngamia! Kosa la kipande cha kwanza litapanda mpaka cha mwisho."

"Wewe umesoma, mimi nimefanikiwa. Maliza!"

Nikafunga chumba cha kompyuta, ufunguo mfukoni. Siku ya uzinduzi nilichinja mbuzi, wazee wakaomba dua, mashine ikatema karatasi. Nikatangaza: atakayebishana na mashine amebishana na mimi. Lo, mdomo huu!

Sasa sikilizeni. Shangazi yangu aliyenilea mama alipofariki, ambaye kwa Kisomali namwita Eeddo, alileta ngamia wake wa maziwa atibiwe mguu. Ndama akabaki nyumbani. Ukame ulikuwa umemwachia hao wawili tu. Jina lake hasa ni Halima Abdi. Siku hiyohiyo Halima Abdi mwingine akaleta ngamia wa kuchinjwa.

Kwetu ukiita majina mawili sokoni wataitika watu kumi. Mtu hujulikana kwa jina la babu. Salome alikuwa ameweka nafasi ya majina mawili. Angejuaje? Karani wangu yeyote angeliona hilo kwenye kipande cha kwanza, kama ningemfungulia mlango.

Mashine ikawafanya wanawake wawili kuwa mmoja.

Mpakiaji akaniita, "Mzee, huyu anadondoka maziwa. Kweli achinjwe?"

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema apande lori."

"Basi apande!" Hata kichwa sikuinua.

Eeddo alipokuja kumchukua ndipo nikakimbilia simu. Nikapiga Nairobi mpaka sauti ikanikauka. Wakanijibu ngozi imeshaanikwa.

Nikamwambia Eeddo achague ngamia yeyote zizini. Hakuwatazama. "Ndama wake nimemfunga nyumbani, anamngoja. Nenda ukamwambie wewe. Wewe ndiye mwenye mashine."

Nilimpelekea yule ndama ngamia mwingine wa kumnyonyesha. Ngamia akampiga teke. Nikajaribu wa pili, akamkataa. Mimi, bwana wa malori, nikakaa chini mchangani nikimtazama ndama akifa!

Salome aliongeza jina la babu kwa asubuhi moja. Asubuhi moja tu, jamani!

Ndugu yangu, ukiletewa kazi ikiwa nusu, usiifiche. Ijaribu. Waite watu waicheke ingali changa, kisha ijaribiwe tena kila inapokua. Usifanye kama mimi.

Nikienda kwa Eeddo bado hunikaribisha chai. Huniletea ya rangi.