Mfupa wa Shangazi Osmunda

Mfupa uliochemshwa kupita kiasi haunukii supu. Supu nzuri inanukia kitunguu, chumvi na moto. Lakini mfupa uliochemshwa, ukaanikwa kwenye moshi, kisha ukachemshwa tena na tena, unanuka kama mbwa aliyenyeshewa usiku kucha akaja kulala karibu na jiko. Juzi nilipita nyuma ya hoteli moja hapa mjini Songea wakati mpishi anafunua sufuria. Mvuke ulinipiga usoni, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, nikashika ukuta nikaanza kutema mate kama mwenye mimba changa. Mama mmoja muuza ndizi akanipa pole, akaniombea mtoto wa kiume. Sikumweleza. Pale barabarani ningeanzia wapi? Ninyi nitawaeleza.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Lizaboni, hapa hapa Songea. Baba yangu, Fidelis, alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika, na nilipokuwa mdogo niliamini kwamba hakuna kazi kubwa kuliko hiyo. Mahindi ya wakulima wote, kwa akili zangu, yalikuwa ya Baba. Alirudi jioni na vumbi jeupe kwenye nyusi, akanukia magunia, nasi tukamkimbilia.

Ndipo biashara ikafunguliwa. Malori ya watu binafsi yakaanza kufika hadi vijijini kununua mahindi uani kwa mkulima. Ghala likabaki na popo. Baba na wenzake wakapunguzwa kazini, kwa maneno mazuri na kupeana mikono. Na mambo yalivyo ya ajabu, hapo hapo ndipo maduka yalipojaa. Miaka ya nyuma Mama alikuwa akipanga foleni ya sabuni na hela mkononi, anarudi mikono mitupu. Sasa sabuni za kunukia, za rangi ya waridi na kijani, zilipangwa mpaka darini, ila hela ndiyo haikuwepo. Mimi na mdogo wangu Festo tulikuwa tunasimama mlangoni pa duka tunazinusa tu, mpaka mwenye duka anatufukuza: "Tokeni hapo, harufu nayo inaisha!"

Baba hakutaka kuzungumza habari za kazi. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akakaa sebuleni kama anayesubiri gari la ofisi. Ndipo dada yake mkubwa, Shangazi Osmunda, mjane, alipofunga mizigo yake kule kijijini Mpitimbi akaja kutuokoa. Alishuka na jembe, kiroba cha ulezi na kauli moja. Alisimama katikati ya jiko letu, akatazama huku na huku, akasema, "Nyumba hii inavuja." Festo akatazama juu, kwenye bati. Baba akamkabidhi Shangazi ufunguo wa stoo.

Mama alikuwa anafuma vitambaa vya makochi, akiviuza kwa manesi na walimu. Alichopata alimpa Baba, kama alivyozoea, na Baba akampa dada yake. Mama alipiga sindano yake ya kufumia kwa kasi zaidi, basi.

Uvujaji ukaanza kuzibwa. Majani ya chai yalichemshwa, yakaanikwa juu ya kifuniko, yakachemshwa tena, hadi chai ikawa na rangi ya maji ya kuoshea miguu. Vipande vya sabuni vilivyobaki vilikandamizwa pamoja kuwa donge la kijivu lenye nywele za kila mmoja wetu. Watoto tuliogea beseni moja la maji ya moto, mmoja baada ya mwingine: kwanza dada yetu mkubwa Kolumba, halafu Festo, mimi mwisho, kwa sababu siku ya kupanga zamu nilichelewa kutoka kisimani. Festo hakuwa mtu wa kuaminika ndani ya maji. Nilikuwa nikiona povu la uvuguvugu la rangi ambayo sabuni haina, nafumba macho, najimwagia huku nikihema kwa mdomo. Na Shangazi alikuwa akiimba nyimbo za kanisani huku anafanya yote haya. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Lakini kinyaa chenyewe kilikuwa mfupa.

Aliununua buchani, mfupa wa paja, mwenye bucha akidhani ni wa mbwa. Aliutoboa kwa msumari wa moto, akapitisha kamba ya katani, akauning'iniza juu ya mafiga. Jioni, maharage au likolo, mboga ya majani ya maboga, ikichemka, aliushusha ndani ya sufuria kama mtu anayeteka maji, akausubiri utoe utamu, akauvuta, ukarudi juu kukaa kwenye moshi mpaka kesho. Siku za kwanza mchuzi ulikuwa na ladha, nakiri. Baadaye mfupa ukaanza kuwa wa kijivu, halafu mweusi, na kamba ikanenepa kwa mafuta na masizi. Inzi waliujua. Asubuhi ungekuta mende wamejipanga juu yake kama waumini. Shangazi aliwakung'uta kwa kidole, akasema, "Moto unaua kila kitu." Mchuzi ulikuwa na utando wa mafuta ulioganda kwenye ufizi, na ukimeza, harufu ile inapanda tena puani kwa nyuma. Nilijifunza kumeza tonge bila kutafuna. Kolumba, ambaye alikuwa msichana mkubwa na mwenye kujipenda, alikula ugali mkavu kwa chumvi, akakonda.

Msifikiri kwamba nyama haikuingia nyumbani. Iliingia. Kulikuwa na bakuli dogo la bati lenye maua mekundu, lenye kifuniko, na ndani yake kulikuwa na vipande vya nyama vilivyokaangwa kwa kitunguu. Hilo lilikuwa la Baba. Shangazi alilibeba kwa mikono miwili, akapiga goti, akaliweka mbele yake sebuleni. Sisi tulikaa kwenye mkeka pamoja na Mama, karibu kabisa na mlango, tukila mchuzi wa mfupa na kunusa nyama.

Siku moja Festo aliuliza kwa nini. Shangazi akamjibu kwa upole kabisa: "Baba yenu ana mawazo, mwanangu. Mtu mwenye mawazo lazima ale vizuri. Ninyi mna mawazo gani?"

Baba alisikia. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Alifunika bakuli lake kidogo, kama mtu anayekinga upepo, akaendelea.

Basi Kolumba akapata mchumba, mwalimu kijana ambaye kwao ni Peramiho. Kolumba alimpenda, alikuwa akiimba kwa ajili yake hata akichambua mchicha. Ikapangwa siku ya ndugu zake kuja kuposa. Mama alisema kuku achinjwe. Tulikuwa na tetea mmoja. Shangazi akasema tetea anataga, na kumchinja anayetaga ni kuchoma nyumba ili uote moto. Mama akamtazama Baba. Baba akasema, "Dada ndiye anayejua mambo ya stoo."

Wageni walikuja wawili: mshenga, mzee mmoja aliyewahi kuwa katekista, mpole, mwenye koti zito, na mama mkubwa wa yule kijana, mwanamke mrefu aliyetazama kila kitu taratibu, hata kucha zetu. Tuliwaamkia shikamoo, nikawanawisha mikono. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mama mkubwa alisifu vitambaa vya Mama vilivyokuwa kwenye makochi, akauliza kama Kolumba naye anajua kufuma. Kolumba, aliyekuwa amejificha chumbani, nilimsikia akicheka peke yake.

Chakula kikaletwa. Shangazi alikuwa amepika jikoni kwenye moshi, mlango umefungwa kwa heshima. Nyama iliyokuwepo aliigawa katika mabakuli mawili, la Baba na la mshenga, kwa kuwa ni wanaume. Mama mkubwa alipewa maharage katika bakuli zuri la udongo, na sisi maharage yale yale katika masufuria yetu. Jambo ambalo Shangazi hakuliona gizani ni kwamba kamba ya katani, baada ya muda wote ule wa moto na moshi, ilikuwa imeoza ikakatika.

Nilikuwa nimesimama na birika la maji, kwa hiyo niliona yote. Mama mkubwa alichota, akatafuna. Akatafuna tena. Uso wake ukasimama. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akashika kitu, akaanza kukivuta. Kikaja. Kikaendelea kuja. Kamba nyeusi, nene, inayoteleza, na mwishoni mwake kipande cha gegedu chenye utelezi, na juu ya gegedu mguu wa mende. Akakiweka kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Hakupiga kelele. Alinigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

Nilikuwa nimefundishwa kujibu wakubwa. "Ni kamba ya mfupa, mama. Mfupa wa Shangazi. Tunauchemsha kila siku."

Mgeni alitazama kiganja chake. Akatazama masufuria yetu pale mkekani. Halafu, taratibu, kama alivyotazama vitu vyote tangu aingie, akatazama bakuli la maua mekundu.

"Na hiyo ya Baba Kolumba," akauliza, "imechemshwa na mfupa gani?"

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Baba alikuwa na kipande cha nyama mkononi, karibu na mdomo. Angeweza kukirudisha. Macho yote yalikuwa juu yake. Alikitazama, akatutazama, akakitia mdomoni. Akatafuna. Tulisikia kila tafuno, na mafuta yalimtoka kwenye kona ya midomo yakashuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. Nilikuwa nimeshazoea mende. Nilikuwa nimeshazoea povu la Festo. Lakini siku ile, kwa sauti ile ya kutafuna, niliweka birika chini, nikakimbilia nje, nikatapika kwenye migomba.

Niliporudi, Mama alikuwa amesimama. Alikuwa amelichukua bakuli la Baba kutoka mbele yake na kuliweka mbele ya mgeni. "Nisamehe, dada," alisema. "Kula hiki." Mgeni akasema ameshiba. Alikuwa na adabu. Aliaga vizuri, akanishika hata kichwa. Mshenga aliacha nyama yake yote.

Hawakurudi. Ujumbe ulikuja baadaye kwamba kijana bado anajipanga. Kolumba hakulia mbele yetu, ila aliacha kuimba, na hakumsalimia tena Shangazi mpaka alipoolewa, miaka mingi baadaye, na fundi mmoja wa Mbinga ambaye, namshukuru Mungu, ni mtu mwema.

Kesho yake asubuhi Mama aliutoa mfupa sufuriani kwa koleo la mkaa, akaenda nao chooni, tukausikia ukitua. Kisha akanyoosha mkono kwa Shangazi. "Wifi, ufunguo." Shangazi akamtazama Baba. Baba akawa anafunga vifungo vya shati lake. Shangazi akautoa ufunguo kwenye kanga. "Mimi nilikuwa namlinda ndugu yangu," akasema. "Angejiona amekwisha."

"Na watoto wajione nini?" Mama akauliza.

Tangu siku hiyo hela ya vitambaa ilikaa kwa Mama. Hatukuwa matajiri, tulikula maharage matupu, matamu, safi, na nyama ilipopatikana iligawanywa mpaka Festo akapata. Baba alikula tulichokula. Baada ya muda aliacha kusubiri gari, akaenda kupakia mahindi kwenye malori ya watu binafsi. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini sikuweza tena kukaa naye meza moja, na alikufa bila kuniuliza sababu.

Shangazi alirudi Mpitimbi. Nilimchukia kwa miaka. Nilidhani yeye ndiye uchafu wenyewe. Alipozeeka akawa hana wa kumtazama, mimi ndiye niliyekwenda kumuuguza, kwa shingo upande. Akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Ndipo nilipokumbuka kitu nilichokiona kila siku utotoni bila kukitazama: kwamba Shangazi alikula wa mwisho, jikoni, amechuchumaa, akikomba ukoko wa sufuria ile ile ya mfupa. Hakuwahi kuonja nyama ya bakuli la maua. Nilimuuliza kama kwao walipokuwa wadogo alikuwa anakula nyama. Akashangaa kana kwamba nimeuliza kama alikuwa anaruka angani. "Nyama ya Fidelis?" akasema.

Nilitoka nje nikasimama. Kichefuchefu kilinipanda, na safari hii hakikuwa cha harufu yoyote. Kulikuwa na mtoto wa kike aliyelelewa kwa mchuzi, akaambiwa huo ndio upendo, naye akaja kutulisha sisi upendo huo kwa moyo wake wote, huku akiimba.

Jioni nilipika nyama laini, nikaikatakata vipande vidogo, nikamlisha kwa mkono wangu. Kipande cha kwanza alikishikilia shavuni, hatafuni, hatemi, amenikodolea macho.

"Kula, Shangazi."

"Fidelis ameshakula?"

Baba alikuwa kaburini muda mrefu. Nilimfuta kidevu.

"Ameshakula," nikamwambia. "Ameshiba kabisa."

Ndipo akaanza kutafuna.